Unataka kuelewa galaksi na mwanzo wa ulimwengu? Anza na umbali, Mlipuko Mkuu utakuja wenyewe

Watu wengi wakitaka kujua ulimwengu ulianzaje wanaruka moja kwa moja kwenye Mlipuko Mkuu, wanaangalia video mbili tatu, wanatoka na picha ya bomu lililopasuka gizani, alafu wanaanza kubishana mtandaoni. Mi nakushauri uende kinyume. Anza na swali dogo kabisa, kile kitu kiko mbali kiasi gani? Ukijua umbali unauliza kinakimbia kwa kasi gani, na ukiwa na hivyo viwili unaweza kupiga hesabu ya umri wa ulimwengu mzima we mwenyewe kwa kalkuleta ya simu, sitanii, tutaipiga hapa chini. Wanaastronomia wenyewe walipita hiyohiyo njia, kuanzia kama 1912 mpaka 1965, hakuna aliyeamka asubuhi akatangaza Mlipuko Mkuu.

Kwanza vipimo vikae kichwani

Kilomita huku hazifai, sifuri zinakuwa nyingi mpaka hazina maana. Tumia mwaka wa nuru. Nuru inakata karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa mwaka inafika kilomita trilioni 9.46, huo ndo mwaka mmoja wa nuru, na ni umbali, sio muda. Kutoka kwenye Jua mpaka hapa inatumia dakika 8 na kidogo.

Kariri namba tatu tu. 4.2 ni miaka ya nuru mpaka nyota jirani kabisa na Jua, Proxima Centauri. 100,000 ni upana wa galaksi yetu, yaani kundi kubwa la mabilioni ya nyota ambalo Jua letu limo, linaitwa Njia Nyeupe, kwa makadirio. Milioni 2.5 ni umbali mpaka Andromeda, galaksi kubwa iliyo jirani na yetu. Ukishika hizo tatu hutachanganya tena mfumo wa Jua na galaksi na ulimwengu, na nakwambia nusu ya mabishano ya watu yanatokana na kuchanganya hivyo vitu vitatu. Sisi tupo kama miaka 26,000 ya nuru kutoka katikati ya Njia Nyeupe, na Jua linazunguka hapo katikati likituburuza na sisi, mzunguko mmoja ni kama miaka milioni 230, yaani mara ya mwisho tulipokuwa upande huu dinosaria ndo kwanza walikuwa wanaanza kutokea. Nyota za galaksi yetu wanakadiria kati ya bilioni 100 na bilioni 400. Makadirio yamepanuka hivyo kwa sababu hakuna anayezihesabu moja moja, sisi wenyewe tuko ndani na vumbi limetuziba.

Toka nje uangalie

Chagua usiku usio na mwezi, nenda sehemu ambayo hakuna taa, alafu tulia dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu. Hiyo ya simu naisisitiza maana ukiiwasha sekunde mbili tu macho yanarudi mwanzo, ukihitaji mwanga tumia tochi uliyoifunika na karatasi nyekundu. Kati ya Juni na Septemba usiku wa mapema tafuta kundi la nyota la Nge, mkia wake umejikunja hauwezi kuukosa, pembeni yake lipo la Mshale, na katikati ya galaksi yetu ni huko upande wa Mshale. Mkanda mweupe unaopita angani ndo Njia Nyeupe yenyewe, na hapo unakuwa mnene kuliko kwingine kote. Angalia vizuri utaona una mabaka meusi, watu hudhani ni sehemu zisizo na nyota, kumbe nyota zipo kibao nyuma yake, lile jeusi ni mawingu ya vumbi. Nyuma kabisa ya hilo vumbi kuna shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali mpaka hata nuru haitoki, lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi, wanaliita Sagittarius A*, picha yake ilitolewa 2022 na walitumia darubini za redio, ambazo vumbi halizizuii.

Kama uko kusini mwa ikweta, una bahati kuliko watu wa kaskazini, kuanzia Novemba mpaka Februari utaona vidoa viwili vyeupe upande wa kusini, kama vipande vilivyokatika kutoka kwenye mkanda. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo, kubwa yake iko kama miaka 160,000 ya nuru na ndogo kama 200,000. Hiyo ndogo ishike, tutairudia.

Andromeda nayo inaonekana kwa macho matupu, Oktoba mpaka Desemba ndo wakati wake. Tazama kaskazini, tafuta mraba mkubwa wa nyota nne unaoitwa mraba wa Pegasus, kwenye kona moja kuna nyota inaitwa Alpheratz. Toka hapo hesabu nyota mbili kwenda mbele, ya pili ni Mirach, hapo unakata kona kuelekea zile nyota tano za Cassiopeia zenye umbo la W, unapita kinyota hafifu, unafika cha pili, na pembeni yake kuna kitu kama doa la ukungu. Sasa usikikodolee macho. Angalia pembeni yake kidogo, kitajitokeza, kwa sababu katikati ya jicho kuna chembe za kuona rangi ambazo gizani ni dhaifu, zile zinazoona gizani zimekaa pembeni. Hiyo mbinu itakusaidia kwa kila kitu hafifu angani. Na hiyo nuru inayoingia kwenye jicho lako imetoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, unaiona galaksi ilivyokuwa, sio ilivyo. Kwaiyo ukitazama mbali ndo umeshatazama zamani, na hili ndo kila kitu kinachofuata kimeegemea hapo.

Ukitaka kununua kifaa nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 au 7x50, namba ya kwanza ni mara inazokuza na ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na kwa galaksi ni upana unaotafutwa, sio ukuzaji. Vile viteleskopu vyembamba vilivyoandikwa kwenye boksi vinakuza mara 500 au 600 achana navyo kabisa.

Walijuaje kwamba ziko mbali?

Hapa ndo penye utamu, usiparuke. Mpaka 1920 wataalamu walikuwa hawajakubaliana kama Andromeda ni galaksi nyingine au ni wingu tu la gesi ndani ya Njia Nyeupe. Tarehe 26 Aprili 1920 wanaastronomia Harlow Shapley na Heber Curtis walikaa Washington wakajadiliana hadharani, Curtis anasema Andromeda na vitu kama hivyo viko nje ya galaksi yetu, Shapley anasema viko humuhumu, hakuna aliyeshinda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na umbali.

Ufunguo wenyewe ulikuwa umeshapatikana, na aliyeupata ni Henrietta Leavitt, alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha kutazama nyota cha Harvard, Marekani, akikagua picha zilizopigwa kwenye vioo za lile Wingu Dogo la Magellan. Kuna nyota zinaitwa Sefeidi, zinang'aa zinafifia, zinang'aa zinafifia, kwa mpangilio usiobadilika, nyingine siku chache, nyingine wiki kadhaa. Leavitt akagundua, na akachapisha vizuri mwaka 1912, kwamba zinazochukua siku nyingi ndo zenye mwanga mkubwa. Nyota zote zile zilikuwa kwenye wingu moja, kwaiyo umbali wake kutoka kwetu ni uleule, tofauti ya mwanga aliyoiona ilikuwa tofauti ya kweli. Unaona akili hiyo?

Tufanye mfano. Una Sefeidi mbili, zote zinamaliza mzunguko kwa siku 30, basi ung'avu wake halisi ni sawa. Ila moja unaiona hafifu mara 100 kuliko nyingine. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kipeo cha pili cha 10 ni 100, kwaiyo ile hafifu iko mbali mara 10. Kama ya karibu unajua iko miaka 5,000 ya nuru, ya mbali iko 50,000. Umemaliza, hakuna kingine.

Oktoba 1923 mwanaastronomia Edwin Hubble alikuwa kwenye kituo cha Mount Wilson, California, na darubini yenye kioo cha mita 2.5, ambayo kwa wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote duniani. Kwenye picha ya Andromeda aliweka herufi N kwenye vinukta vitatu akidhani ni nova, nyota zinazolipuka kwa muda. Alivyolinganisha na picha za zamani akaona kimoja kinang'aa na kufifia kwa kurudia, akaikata ile N akaandika VAR! kwa juu, na mshangao wake. Ilikuwa Sefeidi. Akapiga hesabu akapata karibu miaka 900,000 ya nuru, ambayo leo tunajua ni ndogo sana, lakini haikujalisha, ilikuwa tayari nje kabisa ya Njia Nyeupe. Mjadala uliisha pale.

Zinakimbia

Mwanga wa galaksi ukiupitisha kwenye kifaa cha kuuchambua unatawanyika rangi rangi kama upinde wa mvua, na katikati ya rangi kuna mistari. Kila elementi ina mistari yake, haidrojeni ina mstari mwekundu maarufu kwenye nanomita 656.3, maabara yoyote ukiupima ni huohuo. Mwanaastronomia Vesto Slipher ndo alianza kupima mistari ya hizi galaksi mwaka 1912, akakuta kwa nyingi mistari imesogea upande wa wekundu, mawimbi yamenyooshwa, maana yake zinatuacha.

Chukua karatasi. Tuseme umeona ule mstari wa haidrojeni kwenye galaksi fulani uko 669.4 badala ya 656.3. Tofauti ni 13.1. Gawanya kwa 656.3 unapata 0.02. Zidisha na kasi ya nuru, 300,000, unapata kilomita 6,000 kwa sekunde, hiyo ndo kasi inayotuacha nayo. Hii njia fupi inafaa kwa galaksi zilizo karibu kiasi tu, zile za mbali sana zinataka hesabu nyingine. Na huna haja ya kutunga mifano, mradi wa Sloan Digital Sky Survey umeweka spektra, yaani huo mwanga uliochambuliwa na mistari yake, za mamilioni ya vitu bure kwenye intaneti, unafungua galaksi yoyote unaiona grafu yake. Wao wanatumia angstromu, 10 ndo nanomita moja, usije ukashtuka ukaona 6,563.

Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji ambaye pia alikuwa mwanafizikia, aliandika 1927 kwamba nafasi yenyewe inatanuka, na 1929 Hubble akatoa vipimo: galaksi iliyo mbali mara mbili inakimbia mara mbili. Kasi gawanya kwa umbali unapata namba ileile kila sehemu, siku hizi ni karibu 70, yaani kila megaparseki moja, ambayo ni miaka milioni 3.26 ya nuru, inaongeza kasi ya kilomita 70 kwa sekunde. Galaksi yetu ya mfano basi: 6,000 gawanya kwa 70 ni megaparseki 86, kama miaka milioni 280 ya nuru. Umepima umbali wa galaksi kwa mistari miwili ya hesabu.

Sasa lile swali la kila mtu, kama zote zinatukimbia basi sisi tupo katikati? Chukua lastiki ya nguo, weka alama za kalamu kila sentimita moja, alama kumi hivi, ziite A mpaka J. Vuta mpaka kila sentimita iwe mbili. Jifanye uko C, D ilikuwa sentimita 1 sasa iko 2, imesogea 1, H ilikuwa 5 sasa iko 10, imesogea 5. Ya mbali imekimbia zaidi, kama alivyosema Hubble. Alafu hamia G ufanye vilevile, utapata matokeo yaleyale, kila alama inaona wenzake wanaikimbia na hakuna iliyo katikati. Kwaiyo mtu akikuuliza Mlipuko Mkuu ulitokea sehemu gani mwambie kila sehemu, hapo alipokaa pia. Nafasi yote ilikuwa imebanana na ina joto kali, ikatanuka, hakukuwa na bomu lililokaa mahali likirusha vipande kwenye nafasi tupu.

Andromeda yenyewe haitukimbii, inakuja, kama kilomita 110 kwa sekunde ukilinganisha na galaksi yetu. Kwa umbali mdogo mvutano wa graviti unashinda kutanuka, ndo maana wala sisi, wala mfumo wa Jua, wala Njia Nyeupe havitanuki.

Umri wa ulimwengu kwa kalkuleta

Kama galaksi iko megaparseki moja na inakwenda kilomita 70 kwa sekunde, rudisha filamu nyuma, ni muda gani uliopita ilikuwa hapa? Umbali gawanya kwa kasi. Megaparseki moja ni kilomita 3.09 mara 10 kwa kipeo cha 19. Gawanya kwa 70, unapata sekunde 4.4 mara 10 kwa kipeo cha 17. Mwaka una sekunde kama milioni 31.6, gawanya tena, inakuja miaka bilioni 14. Namba rasmi ni bilioni 13.8, tofauti inatokana na kwamba kasi ya kutanuka haikuwa ileile siku zote, ila kwa hesabu ya dakika tatu mi naona iko poa sana.

Jaribu pia kwa namba ya Hubble mwenyewe ya 1929, ambayo ilikuwa kama 500. Utapata miaka bilioni 2 tu, na wanajiolojia wakaja na mawe ya Dunia yaliyo mazee kuliko hapo. Ilikuwa aibu ya miaka mingi, mpaka 1952 mwanaastronomia Walter Baade akaonyesha kwamba Sefeidi ziko aina mbili na zilikuwa zimechanganywa, umbali wote ukaongezeka karibu mara mbili kwa mpigo. Na leo bado hawajakubaliana, wanaopima kwa nyota na supanova, yaani nyota zinazolipuka, wanapata karibu 73, wanaopima kwa mionzi ya ulimwengu mchanga, ambayo tutaiona hapa chini, wanapata karibu 67. Weka zote mbili kwenye kalkuleta uone, bilioni 13.4 na bilioni 14.6. Tofauti hiyo haijapata maelezo yanayokubalika.

Joto lililobaki

Kama zamani kila kitu kilikuwa kimebanana na moto, mabaki ya ule mwanga yapo wapi? 1964 wanaastronomia Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa Holmdel, New Jersey, Marekani, na antena kubwa yenye umbo la pembe, wakawa wanapata kelele ya redio isiyoisha, usiku mchana, popote walipoielekeza. Wakakuta njiwa wamejenga kiota humo ndani, wakawafukuza, wakasafisha kinyesi, kelele ikabaki palepale. Karibu na hapo, Princeton, kundi la mwanafizikia Robert Dicke lilikuwa linajenga kifaa cha kutafuta kelele hiyohiyo, simu ikapigwa, na Dicke akaelewa kwamba wameshawahiwa. Tuzo ya Nobeli waliipata Penzias na Wilson mwaka 1978.

Kelele hiyo ni mwanga ulioachiliwa ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000, ulipopoa mpaka nyuzi 3,000 za kelvini hivi na atomu zikaweza kujiunga, kabla ya hapo mwanga ulikuwa unagongana na elektroni haufiki popote. Toka wakati huo nafasi imetanuka karibu mara 1,100, kwaiyo 3,000 gawanya kwa 1,100 inakupa 2.7, na joto linalopimwa leo ni 2.7 kelvini, kama nyuzi 270 chini ya sifuri ya selsiasi. Zile chenga za TV za zamani za antena, ukitoa chaneli, sehemu ndogo yake ilikuwa ni huu mwanga.

Ushahidi mwingine ni heliamu. Dakika chache za kwanza ulimwengu wote ulikuwa na joto la kuunganisha viini vya atomu, na mahesabu yanasema robo ya uzito itakuwa heliamu na karibu yote iliyobaki haidrojeni. Ukipima gesi ambayo nyota hazijaichafua sana unakuta hivyohivyo. Kaboni, oksijeni, chuma, hivyo vilipikwa baadaye ndani ya nyota. Kuhusu ile sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza kuna nadharia nyingi lakini vipimo bado, mtu akikuelezea kwa uhakika mkubwa mtilie shaka.

Maada ya giza na nishati ya giza nitapita haraka, sio kwamba hazina maana, ila ukianza nazo utapotea. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima Andromeda mwaka 1970 wakakuta nyota za ukingoni zinazunguka kwa kasi ambayo uzito unaoonekana hauwezi kuzishikilia, kuna kitu kingine kinavuta, hicho ndo wanakiita maada ya giza. 1998 makundi mawili ya wanaastronomia yakakuta kutanuka kunaongeza kasi, na kinachosukuma ndo wanakiita nishati ya giza. Kwa hesabu ya sasa vitu vya kawaida, atomu zote za nyota zote, ni kama asilimia 5 tu.

Baada ya hapo nenda ukafanye kazi kidogo

Shusha programu ya Stellarium, ni bure, ikusaidie kutafuta hivyo vitu angani. Alafu ingia Galaxy Zoo, mradi ulioanza 2007 ambapo watu wa kawaida wanaainisha picha za galaksi kwa sababu zilikuwa nyingi kuliko wataalamu. Unaonyeshwa picha, unaulizwa ni laini ya mviringo au ina mikono iliyojizungusha, au haina umbo. Angalia na rangi, mikono ya bluu ina nyota changa, zile za mviringo zenye unjano au wekundu mara nyingi zimeacha kuzaa nyota zamani. Utakutana na nyingine zimegongana, mikia imetoka huku na huku, na nyingine ni kidoa tu cha ukungu huelewi hata ni nini. Ukikwama usitafute jibu la kitaalamu, jibu unachokiona, picha moja inapitiwa na watu wengi na majibu yote yanajumlishwa.